Gari la Zamani la Nairobi Lina Uhalisi Wake

Miongoni mwetu tunaofufua magari ya zamani hapa Nairobi, wengi huamini kwamba kazi nzuri ni ile inayolirudisha gari katika hali liliyokuwa nayo siku lilipotoka kiwandani, hadi aina ya skrubu. Mimi siafikiani nao. Gari lililoishi Kenya kwa miaka hamsini lina uhalisi wake, na sehemu kubwa ya uhalisi huo imo katika yale ambayo mafundi wetu walilifanyia ili liweze kudumu.

Tuanze na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa, ilhali jeti, yaani vipande vyenye tundu la kupimia petroli, zilizofungwa kiwandani Ulaya zilipimwa kwa hewa ya nyanda za chini. Gari likiachiwa jeti hizo hunywa petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana ya kuichoma. Ukifungua plagi utaikuta imefunikwa masizi meusi, makavu, yanayopaka vidole. Fundi mzee anayeshughulikia Peugeot 504 yangu, ambaye karakana yake kule Ngara ni kivuli cha mti na sanduku la spana, aliweka jeti zenye tundu dogo zaidi, kisha akazungusha distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, kidogo kidogo huku akiisikiliza injini, na sasa plagi hutoka na rangi ya hudhurungi. Mwenzangu mmoja aliagiza kabureta mpya kutoka Ufaransa, akaifunga jinsi ilivyokuja kwa kuwa ndiyo halisi, na kila anapopanda kuelekea Limuru hufukiza moshi mweusi barabara nzima.

Ajabu ni kwamba watu hao hao wanaotaka kila kitu kiwe cha kiwandani hawalalamiki kuhusu viti vya valvu, yaani pete ambazo valvu za injini huzikalia zinapojifunga. Tangu petroli yenye risasi, iliyokuwa ikivilinda viti hivyo, ilipoondolewa sokoni, mwenye Morris Minor, ambayo kichwa cha injini yake ni cha chuma cha kusubu, hushauriwa akipeleke kukerezwa na kutiwa viti vigumu zaidi ili valvu zisivile. Jambo hilo pia ni kuiacha hali ya kiwandani, ila halionekani kwa nje, basi linasamehewa.

Hiyo 504 yenyewe ilizinduliwa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na ile yenye bodi ndefu ikawa matatu ya safari za mbali. Ukiikuta na bamba la chuma chini ya sampu, yaani bakuli la oili la injini, na springi zilizoongezwa ugumu, umekuta kumbukumbu ya barabara ilizopita. Kuyang'oa hayo ili ifanane na ya Paris ni kuifuta kumbukumbu hiyo. Isitoshe, sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari la kawaida lililozidi miaka minane, kwa hiyo hazina yetu kubwa ni haya yaliyozeekea hapa hapa.

Sitetei kila kiraka. Puti nene, ule udongo wa kujazia mabonde ya bodi, iliyopakwa juu ya kutu, mahali ambapo sumaku haishiki, lazima ikwanguliwe yote, bati lililooza likatwe na jipya lichomelewe, na mafundi wa Kariobangi hukunja bati hilo kwa nyundo ya mbao vizuri kuliko wanavyosifiwa. Rangi ije mwisho.

Ninachoomba ni rekodi. Jeti za kiwandani zisitupwe, bali zitiwe kwenye kifuko na kuhifadhiwa ndani ya gari pamoja na karatasi yenye namba za zile mpya, sababu ya kubadilisha na jina la fundi, ili atakayelinunua baadaye asidhani ni uharibifu. Mafundi wengi hawaandiki mambo hayo, kwa hiyo ni juu ya mwenye gari kuketi nao na kuyaandika.