Pete ya Kariakoo

Mimi ni mchora ramani. Riziki yangu ni vyoo, ngazi na mabaraza ya nyumba za watu, mpaka siku nilipojiona naweza kuchora na pete ya uchumba.

Wazo lilinijia Kariakoo, nilikokwenda kutafuta bawaba. Nikainua macho kwenye paa la soko, lile la msanifu majengo Beda Amuli la mwaka 1975: miavuli ya zege iliyopinduliwa, mvua ikinyesha inakinga maji na kuyateremsha katikati mpaka kwenye matangi. Nikasema, mchumba wangu atalivaa hili.

Sonara, mzee wa mjini, aliugeuza mchoro mara tatu.

"Kijana, hii ni pete au faneli?"

"Ni usanifu wa kisasa, mzee."

Akanyamaza, akapandisha bei.

Pete ikatoka: ya fedha, mwavuli wake unaingia punje ya mahindi na nafasi inabaki, na chini kabisa, kwenye shina, tanzanite ndogo ya bluu. Usiku ule nilijiona Amuli mwenyewe.

Siku ya kuvishana pete ukweni kukapikwa pilau. Mchumba wangu ni mstaarabu, lakini pilau halili kwa kijiko. Alipomaliza akanawa, akaenda kumwamkia shangazi yake aliyechelewa basi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu tuione hiyo pete."

Akauvuta mkono, akauinamisha, na maji yote ya kunawia yakamshukia kwenye kitenge kipya. Akajipangusa. Akavaa miwani.

"Mimi najua tanzanite ni ya bluu. Mbona hii ya kijani?"

Hapo ningekaa kimya. Lakini nilikuwa nimesoma wiki nzima, na elimu ilikuwa inaniwasha.

"Shangazi, jiwe hili lina maajabu! Ukiligeuza, mara bluu, mara zambarau. Likichimbwa kule Mererani mara nyingi huwa la kahawia, mpaka lipikwe kwenye moto mkali ndiyo linakuwa bluu. Na ya kijani yapo, ila adimu sana."

"Hili limepikwa," akasema shangazi. "Tena limeiva."

Akaomba kijiti cha meno. Akachokonoa taratibu, kama daktari, akaitua njegere kwenye ukingo wa sahani mbele ya wazee wa pande zote mbili. Akarudi tena, akatoa karoti. Mshenga wangu alikuwa anahesabu mbao za dari.

Jumatatu nikampelekea sonara. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Pale Kariakoo katikati pana njia ya maji," akasema. "Wewe katikati umeziba na jiwe."

Akatoboa vitundu vinne kuzunguka shina. Elfu ishirini. Sasa maji yanapita, wali bado.

Shangazi hunipigia simu kila Ijumaa. Tukishasalimiana, lazima aulize: "Na njegere hajambo?"