Inapiga Kazi Popote

Nina rafiki Arusha ana ugonjwa wa kugawa programu. Akimaliza kuandika kitu, chai haijapoa ameshakirusha kwa kila anayemjua, na maneno ni yaleyale: "Kaka, hii inapiga kazi popote. Linux, Mac, Windows, we weka tu."

Safari hii nilikuwa namtengenezea shangazi mashine ya kutotolea vifaranga: Arduino feki ya Kariakoo (kijibao cha kompyuta ndogo), kihisi cha joto cha DHT22, relei ya kuwasha na kuzima, na balbu. Nilichokosa ni kijiprogramu cha kusoma joto kupitia waya wa USB, ambao kompyuta inauona kama mlango wa siriali (wa kupitishia data biti moja baada ya nyingine), nijue kama kweli tuko kwenye nyuzi 37.5 au tunachemsha mayai.

Zipu ikaja WhatsApp. Nikaifungua kwenye Windows 10, mafaili yote yakatoka isipokuwa moja, aux.c. Nikampigia.

"Fungua faili jipya ulipe jina hilo, halafu ubandike nitakachokutumia."

"Linakataa."

"Huandiki vizuri. A ya Arusha."

"A."

"U ya Uganda."

"U."

"X ya..." Akakwama. "X ile ya mwalimu akikukosesha."

"X, nukta, c. Linakataa! Inasema jina la kifaa si sahihi."

"Kifaa gani?"

"Nikuulize wewe!"

Akaniambia nizime niwashe. Nikazima, nikawasha. Nikajaribu herufi kubwa, nikahamia folda nyingine, wapi! Shangazi naye kasimama mlangoni na trei ya mayai kifuani, ananitazama kama fundi aliyekula hela ya kitambaa.

Kumbe deni ni la enzi za DOS ya mwaka 1981, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Wakati ule folda hazikuwepo, na vifaa viliitwa kwa majina kama mafaili: CON ni kibodi na skrini, PRN ni printa, NUL ni shimo la kutupia, AUX ni mlango wa siriali. Folda zikaja 1983, lakini majina yale yakabaki mwiko katika kila folda, na kwenye Windows 10 kuyaongezea nukta c hakusaidii kitu. Yaani kijiprogramu cha kusoma mlango wa siriali kimezuiwa kwa kujiita mlango wa siriali!

"Mnabishana nini?" shangazi akauliza.

"Kuna faili, shangazi. Kompyuta hailitaki jina lake."

"Si mlipe jingine?"

Kwenye simu kukawa kimya. Halafu, kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuipata kwake: "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mayai yanangoja."

Haikupita muda, zipu mpya ikaingia na ujumbe: "Tayari kaka, nimebadilisha jina. Sasa hii inapiga kazi popote."

Nikaifungua. Mafaili yote yakatoka isipokuwa moja, con.c.