Mwanangu Akikosea, Njoo Uniambie

Jirani yangu alipiga hodi baada ya magharibi, nami nakanda unga wa mahamri ya asubuhi. Hakukaa. "Mwanangu," akaniambia, "nimemwona mkubwa wako maskani wanapokaa vijana, shavu limejaa muguka, yale majani ya kulevya. Nimeona nikwambie mie kabla hujaambiwa na mwengine."

Nilimshukuru kwa mdomo, lakini moyoni niliungua. Kwani wenye waume watoto wao hawakai maskani? Nililala na hasira. Leo, miaka miwili baadaye, namwombea dua yule mama kila nikimkumbuka.

Ninalea wavulana wawili peke yangu hapa Majengo, katika nyumba ya vyumba sita na ua mmoja. Baba yao yu hai. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inasema mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Haki hiyo ya wanangu sijaisamehe. Lakini mtoto hangoji kesi iishe ndipo abaleghe.

Sauti ya mkubwa ilipoanza kukatika, akawa hanitazami usoni. Nilikwenda kwa mzee fundi cherehani wa mtaani kwetu, nikamweleza. Hakumfuata kwa mawaidha. Alimwita tu: "Njoo unitungie uzi, mjukuu wangu, macho yamechoka." Sindano moja ikawa sindano za wiki nzima. Hapo ndipo alipofundishwa kunyoa, kuoga janaba, na kumheshimu msichana wa watu. Nilimchagua yule mzee kwa sababu duka lake liko wazi barabarani, kila mpita njia anaona ndani. Mama mwenzangu, usimkabidhi mtoto mtu yeyote eti kwa kuwa ni mwanamume.

Maneno ya "mvulana asiye na baba huharibika" yananichosha. Anayeyasema mara nyingi amemwona mtoto akiharibika, akapita. Kisha huja kunipa pole. Pole hiyo siitaki. Nataka uniambie usoni mwanangu alikuwa wapi, na nani, saa ngapi. Ukiwa na kazi ndogo, mpe. Ukienda msikitini, mpitie.

Na sisi akina mama tuna la kurekebisha. Tumezoea kuwakemea majirani, "Mwanangu haguswi!", hata mtu akimuona mtoto pabaya anageuza shingo. Mimi nimewaambia wa uani kwetu wote: mkanyeni, mrudisheni nyumbani, niiteni hata usiku wa manane. Fimbo tu ndiyo sitaki.

Mkubwa sasa yuko kwa fundi kila Jumamosi. Juzi alikunja pindo la suruali ya shule ya mdogo wake, mguu mmoja ukatoka mrefu. Mzee akaivaa miwani, akaitazama kwa muda, akamrudishia na wembe: "Fumua, uanze tena."