Hesabu za Mwalimu Katika Ofisi ya Ardhi

Nimefundisha hesabu kwa miaka 31 katika shule mbalimbali za mashariki mwa Uganda, na kwa muda wote huo nimewakata maksi watoto wengi kwa sababu ya kuandika tarakimu ovyo. Ninalitaja hilo mapema ili msomaji asinihurumie kupita kiasi.

Marehemu baba alikuwa fundi wa reli, na reli ndiyo iliyokiingiza Kiswahili nyumbani kwetu, kwa kuwa mama alimkuta Mombasa wakati Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa bado moja, kabla mambo hayajavunjika mwaka 1977. Alipoacha kazi alinunua kiwanja cha robo ekari katika mji wetu, akajenga nyumba ambayo mama anaishi hadi leo, na hati ya kiwanja akaifungia katika sanduku la mbao lililokaa chini ya kitanda. Tulilifungua sanduku hilo baada ya arobaini yake. Ndani tulikuta jalada gumu la hati, limesimama vizuri kabisa, na katikati yake udongo mtupu. Mchwa walikuwa wameila ardhi yote wakatuachia mipaka.

Sikuona sababu ya kuogopa. Hati anayokaa nayo mwenye ardhi ni nakala tu. Hati ya asili, ile ambayo kila aliyewahi kupanga foleni katika ofisi za ardhi za Uganda anaijua kwa jina la ukurasa mweupe, hubaki kwa msajili. Aliyepoteza nakala yake anaweza kuomba hati maalumu, ambayo hutolewa baada ya tangazo kukaa angalau mwezi mmoja katika Gazeti la Serikali. Kwanza, hata hivyo, inapasa kufanya upekuzi katika rejista, na rejista haiulizwi kwa jina la mtaa wala kwa umaarufu wa marehemu. Kwa wenzetu wa Buganda, ambako kuna ardhi ya mailo iliyopata jina lake kwa maili zilizogawiwa katika Mkataba wa 1900, mtu hutaja kitalu na kiwanja. Kwetu sisi wenye ardhi ya kupangishwa hutajwa juzuu ya rejista na folio, yaani kitabu na ukurasa wake, na asiyekuwa na nambari hizo mbili ni sawa na msafiri asiye na tiketi.

Nambari tulikuwa nazo. Baba aliziandika kwa penseli kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, na karatasi hiyo tuliikuta ndani ya Msahafu wake. Ilikuwa ndogo kuliko kiganja, imekunjwa mara mbili, na kwenye ukingo wa chini ilikuwa na tundu dogo lililozungukwa na kutu, ambalo nililihesabu kuwa kazi ya wadudu walewale. Juu paliandikwa 9, na chini yake 689. Hapakuwa na neno jingine lolote. Kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu, nilifikiri kwa utaratibu: hakuna kitabu cha rejista chenye kurasa 689, kwa hiyo nambari kubwa lazima iwe juzuu na ndogo iwe folio. Juzuu 689, folio 9. Nilijipongeza kimoyomoyo kwa hoja hiyo, na hata sasa ninadai kwamba hoja yenyewe haikuwa na kasoro.

Nilikwenda katika ofisi ya ardhi ya kanda, nikawapita mabroka wa langoni waliotaka kunisaidia kwa nguvu, nikajaza fomu, nikalipa shilingi 10,000 benki na kurudi na risiti. Zamani, anasema jirani yangu mmoja mpima ardhi, karani angeingia ndani akatoka amekumbatia buku zito kama mtoto wa miaka miwili. Siku hizi kumbukumbu zimo katika kompyuta, na karani hutoka na karatasi moja tu. Karatasi yangu ilipotoka niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nikiwa nimekaa. Mwenye ardhi aliyeandikishwa alikuwa mtu mwenye majina matatu, na hakuna hata moja nililowahi kulisikia. Ukubwa wa kiwanja ulikuwa hekta 0.202. Mtaa uliotajwa haukuwa wetu.

Mtu mwenye akili timamu angerudi dirishani akauliza. Mimi nilipiga hesabu. Robo ekari ni hekta 0.101; 0.202 ni mara mbili yake sawasawa. Kwa hiyo mwizi alikuwa amekichukua kiwanja chetu na kukiunga na cha jirani. Kuhusu mtaa, nilijijibu kwamba mitaa mingi ya miji yetu ilibadilishwa majina miaka ya sabini, na pengine rejista ilikuwa imebaki na jina moja na sisi tumebaki na jingine. Kila kilichopingana na dhana yangu nilikigeuza kikawa ushahidi wake, ustadi ambao nilikuwa nikidhani wanao wanasiasa peke yao.

Usiku ule niliitisha kikao cha ndugu zangu wa kiume. Mama hatukumwambia kwa kuhofia shinikizo lake la damu, na wake zetu hatukuwaita kwa sababu tuliliona jambo hili kuwa la wanaume, uamuzi ambao mke wangu ameahidi kunikumbusha hadi siku ya kufa kwangu. Tuliyatamka majina matatu ya mwizi kwa zamu, kila mmoja kwa hasira yake. Mdogo wangu alipendekeza twende mahakamani tukatazame kama mtu huyo ana historia.

Karani wa masijala ya mahakama alinipokea kwa upole na kuniuliza namba ya kesi. Sikuwa nayo. Akauliza mwaka, sikuwa nao pia, na nilipokiri kwamba nilichokuwa nacho ni jina la mtu na machungu yangu, alinieleza kwamba majalada hupangwa kwa namba na mwaka, kwamba hukumu za mahakama za juu mtu anaweza kuzisoma bure katika intaneti lakini za mahakimu wa miji kama wetu kwa kawaida hazimo, na kwamba kama nina subira naweza kupitia rejista za zamani za kesi za madai. Nilikuwa na subira ya siku mbili. Siku ya pili, katika kitabu cha mwaka 1991 chenye mgongo uliotengenezwa kwa gundi na nia njema, nililipata jina lake: mdai katika shauri la baiskeli moja. Nilipiga meza kwa furaha. Nikaandika katika daftari langu: mtu mwenye mazoea ya kesi.

Baada ya hapo nilikwenda kuweka zuio katika rejista ili ardhi ile isiuzwe wala kuhamishwa, zuio ambalo pale ofisini wote wanaliita kaveati. Kijana wa kibanda cha fotokopi alinichapia kiapo chenye aya 11, moja ikieleza mazoea ya mtuhumiwa ya kesi, nami nikaapa mbele ya kamishna wa viapo kwa sauti iliyomfanya aniangalie mara mbili. Naomba msomaji azingatie jinsi nilivyoufanya ubaya huu kwa umahiri. Zuio la kawaida huanguka siku 60 baada ya aliyeliweka kupewa notisi kwamba mwenye ardhi ameomba liondolewe. Zuio la mnufaika wa mirathi halianguki kwa namna hiyo. Mimi niliapa kuwa mnufaika. Nilikuwa nimeupigilia msumari hadi kichwani, katika ardhi ya mtu.

Zilipita wiki chache. Jumamosi moja baada ya Alasiri alifika nyumbani Hajji, mjomba wa mke wangu, mzee aliyesimamia mazungumzo ya mahari yetu na kunipunguzia ng'ombe wawili. Mji mzima unamwita Hajji, nami kwa miaka 24 ya ndoa sikuwahi kumwita vinginevyo.

"Shikamoo, Hajji."

"Marahaba, mkwe. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ni mtu wa kusoma." Akaingiza mkono ndani ya kanzu, akatoa bahasha. "Kuna shetani ameifunga ardhi yangu. Barua ni ya Kiingereza. Binti yangu amenisomea majina ya huyo mtu, matatu, na nyumbani kote hatumjui. Lakini wewe umefundisha nusu ya mji huu. Hebu tazama, huenda alikuwa mwanafunzi wako."

Niliifungua barua. Yalikuwa majina yangu, yote matatu, yale ya cheti cha shule, ambayo nje ya karatasi ya mshahara hakuna anayeyatumia, kwa kuwa mimi nami mji mzima unaniita Mwalimu.

"Unamjua?" aliuliza Hajji.

"Namjua," nilisema. "Alikuwa mwanafunzi dhaifu."

Mke wangu, aliyekuwa akimimina chai, aliinama begani kwangu akasoma. Birika aliliweka chini polepole sana. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo ndiyo mbaya zaidi, ni kwa nini jina la mume wake liko kwenye barua ya mjomba wake.

Sina haja ya kueleza dakika zilizofuata. Nilizitumia kutetea hesabu zangu, na ili kuthibitisha kwamba sikubuni kitu nilikwenda kuleta karatasi ya baba nikaiweka mezani mbele ya wote. Mama, ambaye kelele zilikuwa zimemtoa chumbani, aliichukua, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akaigeuza.

"Mbona unaisoma miguu juu?" alisema. "Hili ni tundu la msumari. Ilikuwa ikining'inia ukutani karakana, juu ya jiko la makaa. Baba yako kila kitu chake alikitundika."

Tundu likawa juu. Chini yake nikaona 689, kwa sababu 689 ni nambari msaliti, ukiipindua inabaki ileile. Na chini ya 689, pale palipokuwa na 9, sasa palikuwa na 6, tena haina kistari cha chini, kosa ambalo darasani kwangu humkosesha mtoto maksi nzima. Folio 6 ilikuwa yetu. Folio 9 ya kitabu kilekile ilikuwa ya Hajji, nusu ekari yake halali, katika mtaa ambao haujawahi kubadilishwa jina.

Hajji alinyamaza muda mrefu. "Kwa hiyo," alisema mwishoni, "hata kesi yangu ya baiskeli umeisoma?"

Jumatatu nilikuwa dirishani kabla halijafunguliwa, nikaandika barua ya kuliondoa zuio, nikalipa tena shilingi 10,000, na safari hii karatasi ilitoka na jina la baba, hekta 0.101, mtaa wetu, bila deni wala pingamizi. Ombi la hati maalumu limekwisha kwenda. Kuhusu Hajji, sheria inaruhusu anayewekewa zuio bila sababu ya msingi adai fidia, na mpima ardhi alimweleza hivyo mbele yangu bila hata kuombwa. Hajji alisema hataki fedha. Ile kesi ya 1991 alishinda, lakini nakala ya hukumu hakupewa kamwe, na baiskeli hakuiona tena, anataka karatasi. Karani alimwambia kwamba hukumu haiwezi kudaiwa utekelezaji baada ya miaka 12. Hajji akajibu kwamba baiskeli ilikwisha kuwa vyuma chakavu, yeye anataka kuitundika hukumu sebuleni.

Kwa hiyo kila Jumanne tunakwenda pamoja masijala, mimi nikiwa nimembebea mkoba. Jumanne iliyopita karani alituomba namba kamili ya jalada, na Hajji akatabasamu, akaingiza mkono ndani ya kanzu na kutoa karatasi ndogo iliyokunjwa, ambayo alisema ameitunza tangu siku ile. Niliipokea kwa mikono miwili na, kabla sijaikunjua, nikamwomba kwa adabu zote anioneshe upande wa juu ni upi.