Si kila chumba mgeni anaingia

Mwenzenu niko Alice Springs, katikati kabisa ya Australia, kazi kulea wazee, na mwezi uliopita shoga yangu wa Moshi anayeishi Perth alikuja tukaendesha kama kilomita 450 mpaka Uluru, lile jiwe jekundu. Kupanda walishafunga tangu Oktoba 2019, wenyewe Anangu, Waaborijini wa pale, walisema ni mahali patakatifu, basi tukalipia darasa la kuchora.

Mama mmoja kakaa chini kwenye mchanga, hana haraka, anachora kwa kidole. Kaumbo kama U ni mtu, kwa sababu ukikaa mchangani ukanyanyuka ndio alama unayoacha, duara ndani ya duara ni maji au kambi, na mkalimani anatafsiri kutoka Kipitjantjatjara. Shoga yangu akaonyesha alama moja pembeni ya picha akauliza na hii je? Mama akacheka, akasema maneno mawili, mkalimani akatuambia hiyo si yenu. Akaendelea na zake! Shoga kaninong'oneza, kwani si tumelipa?

Mi hapo ndo nikashtuka, maana nimewahi kupeleka wageni Arusha miaka ile kabla sijaondoka na hakuna kitu tulimnyima mgeni. Boma la Wamasai unalipa mlangoni, unaingia mpaka kitandani kwa watu, unapiga picha mtoto ana makamasi, unarukaruka nao, umemaliza. Tukitoka hapo duka la vinyago, mi nakula cha juu changu, na hakuna siku mgeni aliniuliza nani kachonga, na angeuliza ningesema Wamakonde, basi, kama vile kabila zima lilishika tindo moja.

Huku wenzetu hilo lilishawauma mapema. Papunya, kijiji cha Waaborijini magharibi ya Alice Springs, mwaka 1971 wazee walianza kuchora hadithi zao kwenye vipande vya mbao, na mwanzoni zikatoka nje alama za siri za jando, wazee wengine wakaja juu, ikabidi wachoraji wazifunike kwa nukta. Kwa hiyo zile nukta nukta ambazo watalii wanazipenda sana, nyingine ni pazia tu. Miaka hiyohiyo Edward Tingatinga alikuwa anachora Dar kwa rangi za baiskeli, akafa 1972, na jina lake likageuka jina la bidhaa, leo kila mchoraji wa mtindo ule picha yake inaitwa tingatinga hata kama mwenyewe anaitwa Juma.

Halafu pesa. Kuna picha ya Clifford Possum Tjapaltjarri, mmoja wa wachoraji wa Papunya, iliuzwa dola 1,200 za Australia mwaka 1977, mwaka 2007 ikauzwa milioni 2.4, mzee kashafariki. Sasa tangu 2010 kuna sheria, picha ikiuzwa tena kwa dola 1,000 kwenda juu, asilimia 5 inarudi kwa mchoraji au familia yake. Kwetu nani atamtafuta mchongaji wakati hata jina hatukuandika?

Sisemi huku peponi, msije mkanielewa vibaya. Mjini hapa nawaona kina mama wanatembeza turubai zao barabarani wapate hela ya chakula, na madalali wanazibeba kwa bei ya kutupa, na mwaka 2019 mahakama ilipiga kampuni moja faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza bumerangi (zile fimbo za kurusha) za Indonesia kana kwamba wamechonga Waaborijini. Wezi wako kila mahali.

Shoga alinunua kapicha kadogo. Nyuma kuna jina la mama, kijiji chake, na hadithi mistari minne (ile sehemu anayoruhusiwa kusimulia). Tuliporudi nikachukua kinyago changu cha Mwenge kilichoko juu ya tivii nikakigeuza. Chini pameandikwa 35,000 kwa kalamu ya risasi, na hata hiyo mi nilimlalia nikampa 20.