Siku ya 15

Mpwa wangu anasomea uuguzi. Wiki jana alikuja kwangu mtaani Umoja, Nairobi, na daftari lenye jedwali la matabaka matatu ya seli za kiinitete (mtoto katika siku zake za kwanza tumboni), na viungo vinavyotokana na kila tabaka. Ektoderma: ngozi, ubongo, neva. Mesoderma: misuli, mifupa, moyo, damu, figo. Endoderma: utando wa ndani wa utumbo na mapafu, ini, kongosho. Alilighani lote bila kuvuta pumzi. Nikamuuliza, "Na hayo matabaka yametoka wapi?" Akacheka. "Anti, hiyo haiulizwi kwenye mtihani."

Basi hapo ndipo ninapokosana na wanaofundisha hivi. Ukisoma jedwali utadhani matabaka yalipangwa tu, moja juu ya lingine, kama chapati kwenye hotpoti. Sivyo. Wiki mbili baada ya mimba kutungwa, kiinitete ni kidogo kuliko punje ya wimbi, na kina shuka mbili tu za seli: epiblasti juu, haipoblasti chini. Mnamo siku ya 15 mfereji mwembamba unajichora kwenye shuka ya juu, kuanzia upande wa mkiani. Seli zilizokuwa zimeshikana zinaachana, zinaelekea mferejini na kuzama.

Nilimweleza kwa matatu ya jioni pale mjini. Anayepanda kwanza husukumwa hadi kiti cha nyuma kabisa. Seli za kwanza kuzama nazo hufika chini kabisa, zikaisukuma haipoblasti pembeni na kukaa mahali pake: hiyo ndiyo endoderma. Zinazofuata hukwama katikati, zikawa mesoderma. Zisizozama kamwe hubaki juu, na hizo ndizo ektoderma. (Tofauti ni kwamba huku hakuna makanga wa kupiga kelele, seli huelekezana kwa ishara za kemikali.) Matabaka yote matatu, kumbe, ni watoto wa shuka moja ya juu.

Na ubongo je? Umetokana na zile zilizobaki nje, ndugu wa ngozi! Sehemu ya tabaka la juu hujikunja kuelekea ndani, kingo zikakutana, ukawa mrija: mbele ubongo, nyuma ule ugwe wa neva unaopita ndani ya mifupa ya mgongo. Lewis Wolpert, mwanabiolojia mzaliwa wa Johannesburg, alipenda kusema kwamba wakati muhimu kuliko wote maishani ni huu wa matabaka kuundwa, si kuzaliwa, si ndoa, si kifo. Mimi namuunga mkono.

Sasa hesabu siku. Siku ya 15 ni pale mama anapoanza tu kushuku kwamba hedhi imechelewa. Mrija ule hufungika kufikia siku ya 28 hivi. Usipofungika sehemu ya chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 za asidi ya foliki, vitamini inayosaidia mrija huo kufungika, kila siku tangu mtu anapopanga kushika mimba. Kenya nayo iliagiza mwaka 2012 unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani urutubishwe, lakini wa kisiagi cha mtaani hautiwi kitu. Mimi mwenyewe kliniki nilienda mara ya kwanza nikiwa na miezi mitano, nikapewa vidonge, nikajiona nimewahi.

Mpwa wangu alihesabu kwa vidole, akanyamaza. Kisha akachukua rula, akaongeza safu moja kwenye jedwali na kuandika juu yake: "Siku".