Samaki wa Mwanza si wa bure

Wageni kutoka Dar na Dodoma wana kauli moja hawaichoki: "Nyie wa Mwanza mnafaidi, samaki kwenu bure." Ukiwa na haraka unacheka, mnaachana. Ukiwa na nafasi unampeleka soko la samaki la Mwaloni Kirumba umwachie aulize mwenyewe. Sato wa kilo moja kuvuka shilingi 10,000 si habari tena. Mgeni ataguna, kisha ataanza kuulizia dagaa.

Kukaa karibu na chakula hakukupi bei nafuu. Kinachopanga bei ni nani mwingine anakisubiri chakula hicho, na mfuko wake una uzito gani.

Chukua sangara. Minofu yake inasafirishwa hadi Ulaya, mabondo (vifuko vya hewa vya tumboni mwake) yanaelekea Asia, na kichwa na mifupa iliyobaki kiwandani, yaani mapanki, ndiyo inayorudi mitaani kukaangwa. Mvuvi naye mara nyingi nyavu, injini na mafuta amekopeshwa na tajiri, kwa hiyo samaki ana mwenyewe kabla hajatolewa majini. Mama ntilie wa Igoma akimtaka sangara huyo mzima, anashindana na mtu wa Ulaya ambaye hata hamjui. Sishangai akiishia kununua mapanki. Nami nayala, tena kwa ugali wa muhogo ni matamu, lakini tusijidanganye kwamba huko ndiko kufaidi Ziwa Victoria.

Dagaa ndio walipaswa kuwa chakula chetu cha uhakika. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi inapumzika na bei inapanda. Mvua nazo zikishika, dagaa hawakauki vizuri. Mtazame mnunuzi mzoefu: anachota kiganja kimoja, anasugua, anapuliza, kisha anaangalia kilichobaki mkononi. Kikibaki mchanga, mama aliyewaanika chini hana la kujitetea, bei inashuka hapohapo. Mzigo uliooza nusu unakwenda kuwa chakula cha kuku. Mwenzake aliyeanika juu ya chanja anauza kwa heshima, na wanunuzi wa Kongo na Rwanda wanamjua. Chanja ni miti na wavu tu. Mpaka leo sielewi kwa nini jambo dogo hivyo bado linasubiri mradi wa wafadhili.

Tuje kwenye ndizi. Mtu wa Bukoba akisikia tunachotoa kwa mkungu mmoja hapa mjini, anaona tumeibiwa. Meli inayozileta kutoka huko ni sehemu tu ya gharama. Kuna mbebaji wa bandari ya Kemondo, upande wa Bukoba, mbebaji wa bandari ya Mwanza, mkokoteni, dalali, mchuuzi wa jumla, na yule wa genge anayekuuzia kwa kichane. Kila mmoja anaishi kwa kipande chake, na sina ubavu wa kumwambia yeyote kati yao aache. Ushuru ndio unaonikera. Tangu bajeti ya 2017/18, anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatakiwi kulipa ushuru wa mazao. Ukiwauliza wachuuzi wadogo, wengi watakukodolea macho.

Halafu kuna daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 baada ya miaka mingi ya kupanga foleni ya kivuko. Wengi tulitegemea mihogo na viazi vya Sengerema, na nanasi za Geita, zishuke bei mjini. Sawa, lakini lori likifika shambani kirahisi, bei ya kule nayo inapanda, na tayari wapo wanaolalamika kwamba vyakula vya kijijini si vya bei nafuu tena. Hapo mimi nasimama na mkulima. Nanasi linalouzwa kwa bei ya kutupa kando ya barabara linakuambia kwamba mwenye nalo hana mnunuzi mwingine, na kesho litaoza. Sioni baraka yoyote hapo.

Kwa hiyo siombi bei ishuke kila mahali. Naomba pengo kati ya shamba na sufuria lipungue, na pengo hilo linajazwa na vitu vinavyotajika: mzigo unaooza njiani, ushuru usioeleweka, mkopo wa tajiri, na vipimo. Viwanda vina vyumba vya baridi. Mwenye sato ishirini kwenye beseni ana barafu ya kununua na jua la saa sita, ndiyo maana jioni anauza kwa bei yoyote na asubuhi anataka kufidia hasara kwako.

Kwenye vipimo, halmashauri isisingizie uhaba wa fedha. Mizani si ghali. Bado tunanunua kwa sado (kopo la kupimia), ndoo na fungu, na kuna ndoo zimebonyezwa kitako kwa ndani ustadi mtupu. Ukinunua dagaa wiki hii, tia mkono mpaka chini kabla hujalipa.